Namna ya Kujifunza Istilahi za Msingi za Muziki kwa Nyimbo Ambazo Tayari Unazijua

Kabla ya kusoma aya ya pili ya mwongozo huu, imba ubeti mmoja wa wimbo wa taifa lako, kwa sauti yako ya kawaida, mpaka mwisho. Ikiwa umeuimba bila kukosea, umekwisha kutumia pigo, ridhimu, kidatu, skeli na umbo, hata kama hujawahi kuambiwa majina hayo, kwa maana wimbo hauimbiki pasipo mambo hayo yote. Kazi iliyobaki ni kulipa kila jambo jina lake, na katika kazi hiyo nashikilia utaratibu mmoja ambao sitauacha: sikio na mkono hutangulia, jina hufuata. Nimefundisha waanzaji katika kwaya kwa miaka kadhaa, nami nimewaona watu waliokariri fasili za istilahi ishirini wakashindwa kuitambua hata moja ilipopita masikioni mwao, na nimewaona wengine wasiojua kusoma noti wakizitambua karibu zote mara tu walipoonyeshwa kwa makofi na kwa sauti.

Utahitaji daftari, saa yenye mshale wa sekunde, na nyimbo nne unazoweza kuzirudia mara nyingi: wimbo wa taifa, wimbo wa kwaya unaoimbwa kwa sauti nne, taarabu ya zamani yenye udi, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa kwa vidole), na wimbo mmoja wa dansi wenye magitaa. Ala si lazima. Kinanda cha kwenye simu kitakusaidia katika sehemu ya vidatu, lakini asiyekuwa nacho hatakwama.

Pigo, kasi na mizani ya mapigo

Weka ule wimbo wa dansi, kaa, na uuache mguu wako uamue wenyewe. Baada ya muda mfupi utauona ukigonga sakafu kwa nafasi zilizo sawa, na utaendelea kugonga hata mwimbaji anaponyamaza. Hilo ndilo pigo. Pigo ni kama hatua za mtu anayetembea: huenda lisisikike lenyewe kama sauti, lakini kila neno na kila noti ya wimbo vimewekwa juu yake.

Sasa hesabu mapigo ya sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Jibu utakalopata ni kasi ya wimbo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Mshale wa sekunde wa saa yako unakwenda kwa kasi ya 60, na ukiuzoea utakuwa na kipimo kichwani mwako popote ulipo. Wanamuziki wa mapokeo ya Ulaya walikuwa wakiitaja kasi kwa maneno ya Kiitaliano, kama vile largo kwa mwendo mzito, andante kwa mwendo wa kutembea na allegro kwa mwendo wa haraka, na hata baada ya Johann Maelzel kuisajili metronomu yake mwaka 1815, chombo kinachogonga kwa kasi unayoipanga, maneno hayo hayakuachwa. Utayakuta juu ya kurasa za kwaya. Yajue, ila usiyachukulie kama namba kamili, kwa sababu andante ya kiongozi mmoja yaweza kuwa pungufu au zaidi ya andante ya mwingine.

Ukiendelea kugonga utahisi kwamba mapigo hayana uzito sawa. Katika wimbo wa Mungu Ibariki Afrika yanajipanga manne manne, la kwanza likiwa zito kuliko mengine. Katika tenzi nyingi za kanisani yanajipanga matatu matatu, na mwili huyumba kidogo ubavuni badala ya kutembea. Mpangilio huo ndio mizani ya mapigo, na kila fungu moja ni kipimo. Hapa mpenzi wa ushairi wa Kiswahili awe mwangalifu, kwa kuwa washairi hutumia neno mizani kwa maana ya idadi ya silabi: mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Mizani ya mshairi huhesabu silabi, mizani ya mwanamuziki huhesabu mapigo, na wimbo mmoja wa taarabu unazo zote mbili kwa wakati mmoja. Silabi moja yaweza kuvutwa juu ya mapigo manne, na silabi sita zaweza kubanwa katika mapigo mawili. Mtunzi wa mahadhi hupatanisha hesabu hizo mbili, na anayesikiliza kwa makini hupata raha kubwa kwa kuangalia anavyofanya.

Ridhimu, na mikono miwili isiyokubaliana

Simama. Mguu ugonge pigo, na mikono ipige makofi silabi za “Mungu ibariki Afrika” jinsi unavyoziimba, ndefu kwa nafasi ndefu na fupi kwa nafasi fupi. Mguu wako ni pigo. Mikono yako ni ridhimu. Kwa maneno mengine, ridhimu ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi unaopita juu ya pigo lisilobadilika. Rudia mpaka mguu usiifuate mikono, kwa sababu kosa la kawaida la mwanzo ni mguu kuacha kazi yake na kuanza kugonga silabi. Usiharakishe kuvuka hapa. Anayeweza kuvitenganisha viwili hivi mwilini mwake hatasumbuka na sehemu kubwa ya mambo yanayofuata.

Zoezi la pili linahitaji subira zaidi, nami nalipenda kuliko mazoezi yote ninayofundisha. Hesabu taratibu, moja mpaka sita, na urudie bila kusimama. Mkono wa kulia upige paja kwenye moja, tatu na tano. Ukishauzoea, mkono wa kushoto nao upige kwenye moja na nne. Ukiunganisha, utasikia: pamoja, kulia, kushoto, kulia; na namba mbili na sita zitapita kimya. Mkono mmoja umeigawa sita mara tatu, mwingine umeigawa mara mbili, na hakuna aliye sahihi kuliko mwenzake. Huko ndiko kuwa na ridhimu mseto, na ni msingi wa ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Chakacha ya Mombasa na Lamu hujengwa juu ya hesabu ya sita namna hii: sikiliza ngoma moja inavyohesabu mbili ilhali nyingine inahesabu tatu, kisha angalia wachezaji wanavyochagua moja ya hizo kwa kiuno na nyingine kwa mguu.

Jambo jingine utakalolisikia mara kwa mara katika gitaa na katika ngoma ni sauti nzito inayoangukia mahali ambapo pigo halipo, baina ya hatua mbili za mguu wako. Hiyo ni sinkopa. Inatambulika kwa urahisi kwa sababu inakufanya utake kusogea.

Kidatu, umbali na oktavi

Jumapili moja kwaya niliyokuwa nikiiongoza iliimba wimbo wa beti nne bila kinanda. Tulianza vizuri, tukamaliza vizuri, na waumini wakaridhika. Nilipogusa kinanda mwishoni ili nihakikishe, nikakuta tumeshuka nusu toni nzima, yaani umbali wa ufunguo mmoja wa kinanda mpaka ule wa jirani yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amehisi, mimi nikiwemo. Tukio hilo lilinifundisha namna ya kueleza kidatu vizuri zaidi kuliko nilivyokuwa nikifanya kabla yake.

Kidatu ni ujuu au uchini wa sauti, na hutokana na idadi ya mitikisiko ya kitu kinachotoa sauti kwa sekunde. Uzi unaotikisika mara 440 kwa sekunde hutoa noti iitwayo A, ambayo leo vikundi vingi duniani huitumia kusawazishia ala. Uzi ukitikisika mara 880, utasikia noti ileile ikiwa juu. Ukitikisika mara 220, noti ileile ikiwa chini. Umbali huo wa kuzidisha au kugawa kwa mbili huitwa oktavi. Wanaume na wanawake wanapoimba wimbo mmoja pamoja na wewe ukadhani wanatoa sauti moja, kwa kawaida wamepishana oktavi.

Kwaya yetu, basi, ilikuwa imepoteza kidatu ilichoanza nacho, lakini haikupoteza wimbo, kwa sababu kila sauti ilishuka pamoja na majirani zake na umbali baina yao ukabaki uleule. Wimbo unatambulika kwa umbali huo. Mahadhi, yaani mfuatano wa vidatu ambao mtu hubaki akiuvumisha mdomoni baada ya wimbo kwisha, yamejengwa kwa umbali baina ya noti na noti. Ndiyo maana mama anaweza kuuimba wimbo juu, babu akauimba chini, na mtoto akaujua kuwa ni mmoja. Noti inayofuata ikiwa jirani, tunasema mahadhi yamekwenda kwa hatua. Ikiwa mbali, yameruka. Chukua wimbo wa kwaya na uchore mstari daftarini unaopanda na kushuka pamoja na sauti ya kwanza: utaona hatua nyingi, miruko michache, na kwa kawaida mruko mkubwa umewekwa kwenye neno ambalo mtunzi hakutaka ulipite hivihivi.

Do, re, mi na ukurasa wa kwaya

Wanakwaya wetu wamerithi njia rahisi ya kuandika umbali huo. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeianzisha, na mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza katika karne ya 19. Wamisionari wakaileta Afrika pamoja na vitabu vya tenzi, nayo ikakaa mpaka leo. Majina ya noti zenyewe ni ya kale zaidi, kwani yanatokana na mafundisho ya mtawa Guido wa Arezzo, Italia, katika karne ya 11. Katika njia hii do haifungwi kwenye kidatu kimoja. Kiongozi husema do iko wapi leo, na noti nyingine zote hujipanga kwa kuitazama hiyo. Mahali ilipowekwa do ndipo ufunguo wa wimbo, ambao waimbaji wengi huuita kii. Wimbo ukiwa juu mno kwa sauti ya kwanza, kii hushushwa na hakuna anayehitaji kujifunza wimbo upya.

Tazama kipande hiki:

| d : r | m : f | s : – | m : – |

Kila herufi ni noti: do, re, mi, fa, so. Mstari wa wima husimama mbele ya pigo zito, na nukta mbili husimama mbele ya pigo jepesi. Kistari kinamaanisha kwamba noti iliyotangulia inaendelea kushikwa, kwa hiyo so hapa ina mapigo mawili, na mi ya mwisho vilevile. Nukta moja ndani ya pigo huligawa nusu kwa nusu. Alama ndogo chini ya herufi huishusha noti oktavi moja, na ikiwekwa juu huipandisha. Imba kipande hicho huku mguu ukigonga pigo. Umesoma muziki.

Kuna noti za mistari mitano pia, ambazo zina uwezo mkubwa zaidi, hasa kwa ala. Anayetaka kusikiliza kwa ufahamu anaweza kuziahirisha.

Skeli, meja na maina

Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, do polepole na usikilize ukubwa wa kila hatua. Hatua mbili ni fupi kuliko nyingine: ya mi kwenda fa na ya ti kwenda do. Hizo ni nusu toni. Zilizobaki ni toni nzima. Ngazi hiyo ya toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu ndiyo skeli ya meja. Ukihesabu nusu toni zote katika oktavi utapata 12, nazo ndizo funguo nyeupe na nyeusi za kinanda kutoka do mpaka kabla ya do inayofuata.

Sasa anza kwenye la, upande mpaka la ya juu kwa noti zilezile: la, ti, do, re, mi, fa, so, la. Hakuna noti mpya, lakini nyumba imebadilika, kwa sababu noti ya nyumbani, ile ambayo wimbo hutulia juu yake, ni nyingine. Hiyo ni skeli ya maina katika umbo lake la asili. Kulisikia jambo hili hakuhitaji ala yoyote kwa mtu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa Mungu Ibariki Afrika, ambao mahadhi yake yalitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, uko katika meja, na wimbo wa taifa wa Kenya, ambao tume ya wanamuziki watano iliutayarisha mwaka 1963 kutokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, uko katika maina. Imba mmoja, kisha mwingine, ukianza na kidatu kilekile. Vitabu vingi husema kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, nami nawaomba wanafunzi wangu wasiikubali kauli hiyo kabla ya kuijaribu. Ee Mungu Nguvu Yetu si wimbo wa huzuni. Una uzito na unyenyekevu, na mama wa Kipokomo aliyekuwa akimbembeleza mtoto kwa mahadhi yale hakuwa akiomboleza.

Ukiondoa fa na ti katika meja, zitabaki do, re, mi, so na la. Hii ni skeli ya noti tano, iliyoenea katika nyimbo nyingi za jadi barani Afrika. Funguo nyeusi za kinanda pekee zinakupa skeli hiyo.

Noti ambazo kinanda hakinazo

Mwanafunzi akiishia kwenye nusu toni 12 ataisikia taarabu na kudhani kwamba baadhi ya waimbaji wamekosea. Hawajakosea. Taarabu ya Unguja na Mombasa imepokea kutoka Misri na nchi nyingine za Kiarabu mfumo wa maqamu, ambao ni zaidi ya skeli: una ngazi yake ya noti, noti zake za kutulia, na desturi ya jinsi mahadhi yanavyopanda na kushuka. Baadhi ya maqamu hupatikana kwenye kinanda bila taabu. Hijaz, kwa mfano, huanza kwa nusu toni, ikaruka toni na nusu, kisha nusu toni tena. Jaribu kupiga ufunguo wowote na ufuate umbali huo, nawe utaitambua mara moja, kwa sababu wasomaji wa Kurani na waadhini huitumia mara kwa mara, ingawa adhana na usomaji wao si muziki na wenyewe hawavihesabu hivyo. Lakini maqamu ya Rast ina noti ya tatu inayokaa kati ya mi na mi iliyoshushwa, mahali ambapo kinanda kina ufa tu baina ya funguo mbili.

Hapa ndipo ala zinapoachana. Shingo ya udi haina vizuizi vya chuma kama gitaa, wala fidla haina, kwa hiyo kidole hutafuta noti popote ilipo. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zikipangwa tatu tatu kwa kila noti, na ubavuni mwa nyuzi hizo pana vipande vidogo vya chuma. Mkae karibu mpigaji wake na uangalie mkono wa kushoto: katikati ya wimbo, bila kusimama, ataacha nyuzi kwa kitambo kidogo sana, atainua kimoja au viwili, na noti itahama robo toni huku mkono wa kulia ukiendelea. Kodiani ya kawaida haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa vidatu vyake vimekwisha kuamuliwa kiwandani.

Nao Wagogo wa Dodoma wamejenga skeli yao juu ya sauti zinazozaliwa na uzi wenyewe. Uzi mmoja unapotikisika haujitikisi mzima tu. Hutikisika pia kwa nusu, theluthi, robo na kuendelea, na kila sehemu hutoa kidatu chake hafifu juu ya kile kikuu. Katika uimbaji wa Kigogo, na katika zeze na ilimba (ala ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) alizopiga marehemu Hukwe Zawose, utaisikia noti ya saba ya mfuatano huo, ambayo iko chini ya ti iliyoshushwa ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio lililolelewa na kinanda husema noti hiyo imelegea. Ilhali ndiyo noti ya uzi wenyewe, na kinanda ndicho kilichorekebishwa.

Hamoni na msuko wa sauti

Watu watatu waimbe do, mi na so kwa pamoja, na kila mmoja ashike noti yake. Sauti hizo tatu zikisikika kwa wakati mmoja ni kodi, na mfuatano wa kodi chini ya mahadhi ni hamoni. Nyimbo nyingi za kwaya na za dansi zinasimama juu ya kodi tatu tu, iliyojengwa juu ya do, iliyojengwa juu ya fa na iliyojengwa juu ya so, ambazo wapiga gitaa huzitaja kama ya kwanza, ya nne na ya tano. Sikiliza gitaa la besi, kwa kuwa mara nyingi ndilo linalotangaza kodi inapobadilika. Kodi ya tano huacha jambo likining'inia. Ya kwanza hulitua.

Istilahi ambayo waanzaji huipuuza, nami naona haistahili kupuuzwa, ni msuko, yaani jinsi sauti zinazosikika pamoja zinavyohusiana, kama miyaa katika ukili. Mtu mmoja akiimba peke yake, au wengi wakaimba mahadhi mamoja bila tofauti, msuko ni wa uzi mmoja: monofonia. Kwaya ya sauti nne inayotamka neno moja kwa pamoja, sauti ya kwanza ikibeba mahadhi na nyingine tatu zikiitegemeza, ni homofonia. Sauti ya pili ikianza maneno baada ya ya kwanza, na ya tatu ikaingia na njia yake, kila moja ikiwa na mahadhi yanayoweza kusimama yenyewe, hiyo ni polifonia.

Taarabu haiingii vizuri katika makundi hayo matatu. Vikundi vya kale kama Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, vinapopiga kipande cha ala, wote wanafuata mahadhi mamoja, lakini sikiliza kila mmoja anavyoyafuata. Fidla inaivuta noti ndefu mpaka mwisho wa pigo. Udi hauwezi kuivuta, kwa sababu sauti ya uzi uliopigwa hufifia mara moja, basi huikatakata noti ileile katika mapigo madogo ya haraka. Nai, filimbi ya mwanzi, huiendea noti kwa kuizunguka, ikigusa jirani wa juu na wa chini kabla ya kutua, na kanuni huitupa oktavi ya juu na kuirudisha. Mahadhi ni mamoja, njia ni nne, na hakuna aliyeandikiwa tofauti hizo. Huu ni msuko wa heterofonia. Ukiuelewa, hutasema tena kwamba wapigaji hawakwenda pamoja.

Katika dansi la mtindo wa Kongo na la Tanzania, msuko hufumwa na magitaa. La ridhimu hurudia kipande kifupi bila kuchoka, la solo huchezea juu, na katikati pana gitaa ambalo Wakongo huliita mi-solo, linalojaza nafasi zilizoachwa na mengine mawili. Chagua gitaa moja ulifuate kwa dakika mbili bila kulihama. Ni vigumu mara ya kwanza, na mara ya tatu ni rahisi.

Rangi na nguvu ya sauti

Nai na fidla zikipiga kidatu kimoja kwa nguvu moja, bado utazitofautisha ukiwa umefumba macho. Kinachozitofautisha huitwa rangi ya sauti, na chanzo chake ni vile vidatu hafifu nilivyovitaja kwa Wagogo: kila ala huvikuza baadhi na kuvififisha vingine. Muziki mwingi wa Afrika hupenda rangi yenye mvumo au mkwaruzo ndani yake. Tundu la sanduku la ilimba hufunikwa kwa utando mwembamba wa buibui ili kila noti itoke ikizizima. Unapoandika daftarini, tumia maneno yako mwenyewe: kavu, nzito, ya puani, ya kukwaruza, laini. Hapa hakuna istilahi za kigeni zilizo bora kuliko hizo.

Kuhusu nguvu, yatosha kujua kwamba piano ni kwa sauti ndogo, forte ni kwa nguvu, na kreshendo ni kuongeza nguvu kidogo kidogo.

Umbo la wimbo

Umbo ni mpangilio wa sehemu za wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Ubeti hubadilisha maneno na kubaki na mahadhi yaleyale. Kiitikio hurudi na maneno yake yaleyale. Katika ngoma na katika nyimbo za kazi utakuta kiongozi akiita na kundi likiitikia, na mara nyingi waitikiaji huingia kabla kiongozi hajamaliza, jambo ambalo linaunganisha sehemu hizo mbili na kuuzuia wimbo usikatike. Wimbo wa dansi kwa kawaida huanza na beti za mwendo wa wastani, kisha hufunguka katika sehemu ya kucheza ambayo Watanzania wa zamani waliiita chemko na Wakongo huiita sebene. Onyesho la taarabu laweza kufunguliwa kwa bashrafu, kipande cha ala bila maneno, na ndani ya wimbo mpiga udi akapewa nafasi ya taksimu, yaani kubuni mahadhi papo hapo bila pigo la kumfunga.

Umbo huathiriwa pia na chombo kinachobeba muziki. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba takriban dakika tatu, kwa hiyo wimbo ulioweza kuendelea kwa muda mrefu mbele ya hadhira ulilazimika kuchagua beti zake. Unaposikiliza rekodi za zama hizo, usidhani kwamba ufupi wake ndio uliokuwa desturi ya barazani.

Kusikiliza mara saba

Sasa chukua wimbo mmoja kati ya ile minne, na uusikilize mara saba kwa siku kadhaa, kila mara ukiwa na swali moja tu. Mara ya kwanza tafuta pigo na uhesabu kasi. Mara ya pili tafuta mizani ya mapigo. Mara ya tatu piga makofi ridhimu ya mwimbaji huku mguu ukiendelea na pigo. Mara ya nne chora mstari wa mahadhi na utafute noti ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni ile ya mwisho. Ya tano ni ya msuko na ya sita ni ya rangi. Ya saba andika umbo pamoja na dakika na sekunde ya kila badiliko. Usiruke kwenda kwenye swali la pili kabla hujaridhika na la kwanza, hata ikikulazimu kurudia.

Ukurasa wa mwanafunzi mmoja niliyemfundisha, kuhusu wimbo wa taarabu, ulikuwa na mistari michache tu: “Mapigo 84. Manne manne. Mwimbaji huchelewa kidogo nyuma ya pigo, fidla hazichelewi. Inatua kwenye la. Heterofonia, ila kodiani inashikilia chini. Nai kama pumzi ya mtu. Kiitikio mara nne, cha mwisho polepole.” Hakuna neno pale aliloliandika kwa kukariri, na kila moja angeweza kukuonyesha kwa kidole mahali alipolisikia.

Ukimaliza ukurasa wako, ufunge, na uusikilize wimbo uleule kwa mara ya nane bila kalamu.